Kongolo: Mto Umejaa, Shamba Linangoja Mvua



Wiki hii tunawapeleka Kongolo. Sisi wa Kalemie tunaijua Kongolo kwa mizigo yake zaidi kuliko kwa sura yake: gunia la mahindi, bidoni ya mawese, mihogo mikavu iliyofungwa vizuri. Tunauliza bei, tunabishana kidogo na muuzaji, tunalipa, tunarudi nyumbani kupika bukari. Lakini bei ile haikuanzia sokoni. Ilianzia katika shamba la mama mwenzetu aliyepanda mwezi wa kumi, akapalilia mwezi wa kumi na moja, halafu mwezi wa kwanza akatazama juu na kuona mvua imekatika. Habari ya leo ni ya mama huyo, na ya mambo yanayoweza kumsaidia kabla mvua haijamwangusha tena.

Njia ya kwenda huko

Anayetoka Kalemie kwa treni anapita Niemba na Nyunzu mpaka Kabalo. Kipande hicho ni kilomita 273, na kilimalizika mwaka 1915. Kutoka hapo reli inaelekea kaskazini hadi Kongolo, halafu inaendelea kilomita nyingine 355 hadi Kindu. Msafiri wa njia hii hubeba chakula, mkeka na subira.

Ukitaka kuelewa kwa nini mji ulizaliwa pale, angalia mto. Lualaba unakuja kutoka kusini, mpana na mpole, na toka Bukama vyombo vinaweza kuteremka nao kilomita zaidi ya 600. Lakini chini kidogo ya Kongolo miamba inaubana pande zote mbili. Mto mpana unakuwa mwembamba, maji yanachemka na kupiga kelele, na hakuna mtumbwi unaopita. Wazungu waliofika zamani walipaita Milango ya Jehanamu. Ndiyo maana reli ya Kindu ilijengwa: kuzunguka mahali ambapo mto unakataa kubeba mtu. Kongolo ikawa mahali pa kushusha mizigo ya mto na kuipandisha kwenye treni.

Kuna jambo moja linalotuunganisha na watu wa huko bila sisi kulifikiria. Maji ya Ziwa Tanganyika yanatoka hapa Kalemie kwa mto Lukuga, yanakwenda magharibi na kuingia Lualaba karibu na Kabalo. Kwa hiyo maji uliyofulia nguo leo yanaweza siku moja kupita chini ya daraja refu la Kongolo. Sisi tuko mwanzo wa maji, wao wako mbele yake.

Maji mengi, shamba kavu

Mgeni akisimama kwenye daraja hilo anauliza swali moja: mto mkubwa hivi uko hapa, mtu wa Kongolo anawezaje kulia ukame? Swali ni la haki. Jibu liko katika hesabu, na tunaomba mama mvumilie hesabu hii kidogo kwa sababu inafungua mambo mengine yote.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba, ni sawa na kumwaga hapo lita 1 ya maji. Mahindi yanapochanua, jua likiwa kali, yanaweza kunywa kiasi cha milimita 5 kwa siku. Kwenye hekta 1 hiyo ni lita 50,000. Ukichukua bidoni ya lita 20, ni bidoni 2,500 kwa siku moja, tena kesho, tena kesho kutwa. Hakuna kichwa cha mama kinachoweza kubeba hayo kutoka mtoni mpaka shamba la mlimani. Na motapompe inataka mafuta, vipuri na fundi, vitu ambavyo mkulima wa kijiji hana kila siku.

Sasa chukua bustani ndogo ya mita 10 kwa 10 kando ya mto. Hapo unahitaji lita 500 kwa siku, yaani bidoni 25. Wamama kumi wakigawana, kila mmoja ni safari mbili au tatu. Hilo linawezekana kabisa, na linafanyika.

Kwa hiyo mto unaweza kuokoa mboga, lakini hauwezi kuokoa mahindi ya mlimani. Mahindi yanaangalia mvua peke yake. Anayetaka kumsaidia mkulima wa Kongolo lazima ajue tofauti hiyo, la sivyo atamletea msaada usiofaa.

Mvua ya Kongolo inavyokwenda

Ndugu zetu wa pwani ya Mombasa na Zanzibar huhesabu majira yao kwa pepo, kaskazi na kusi. Kwetu mvua inafuata jua. Jua likielekea kusini, mwezi wa tisa na wa kumi, mawingu yanafika. Likirudi kaskazini, mwezi wa tatu na wa nne, mvua inapita mara ya pili na kuaga mwezi wa tano. Halafu kipwa, mpaka majani yanakauka na moshi wa moto wa porini unafunika vilima.

Katikati ya mvua hizo mbili kuna pumziko, kwa kawaida mwezi wa kwanza au wa pili. Mwaka mzuri ni siku chache tu, wamama wanazitumia kuanika mihogo. Mwaka mbaya pumziko linakuwa wiki tatu au nne, na linaangukia wakati mahindi yanatoa mbelewele. Hapo ndipo hasara inapoingia. Mahindi machanga yanaweza kusinyaa na kuamka tena, lakini mahindi yanayochanua bila maji hayashiki punje. Utavuna kigunzi chenye meno machache, na mvua ikirudi baada ya hapo hairudishi kitu.

Hesabu ya mwaka mzima inadanganya. Kongolo hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho watu wa Turkana au Garissa kule Kenya wangekipokea kwa vigelegele. Wenzetu wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia walikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Yetu haikosi hivyo. Yetu inachelewa, inakatika, au inashuka yote kwa siku mbili na kuchukua udongo. Jumla inaweza kuwa nzuri na ghala likabaki tupu.

Tena tuko katikati ya njia. Mwaka wa El Niño, yaani wakati maji ya bahari kubwa ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, mara nyingi Afrika ya Mashariki hupata mvua nyingi na Afrika ya Kusini hukauka. Tuliona yote mawili msimu wa 2023 na 2024. Hapa Kalemie ziwa lilipanda likaingia nyumbani kwa watu. Upande wa kusini, Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 mwezi wa pili 2024, Malawi ikafuata mwezi wa tatu, Zimbabwe mwezi wa nne. Zambia ikabana mahindi yake, na Lubumbashi, ambayo imezoea unga wa Zambia, ikaumia. Wakati kama huo wafanyabiashara wanageuka kutafuta mahindi ya upande wetu. Bei inapanda, na mama mwenye gunia moja la akiba anashawishiwa kuliuza lote.

Kugawa shamba, kugawa tarehe

Tulipotembea nje ya mji, mama mmoja alituonyesha mashamba yake matatu. Hakuna kubwa. Moja liko juu, penye udongo mwekundu, la mahindi na karanga. La pili liko nyuma ya nyumba, la mihogo. La tatu liko bondeni, mahali ambapo maji ya mto hufika wakati wa mvua nyingi na kuacha udongo mweusi wenye unyevu. Tulimwuliza kama si uchovu kuzunguka yote hayo. Akacheka, akasema mwenye mguu mmoja akijikwaa anaanguka.

Ndani ya kicheko kile mlikuwa na elimu yote tuliyokuja kutafuta. Mvua isiyo na saa haishindwi kwa mbegu moja ya ajabu. Inashindwa kwa kutoweka kila kitu siku moja, mahali pamoja, juu ya mbegu moja. Yafuatayo kila familia inaweza kuyafanya.

Kwanza, usikimbilie mvua ya kwanza. Mara nyingi mvua ya mwezi wa tisa inanyesha mara moja na kutoweka, mbegu inaota na kufa. Chimba kidogo kwa jembe. Kama udongo haujalowa mpaka kina cha kiganja kizima na vidole vyake, ngoja.

Pili, gawanya mahindi katika sehemu mbili au tatu, na upande kila sehemu baada ya wiki mbili. Kwa njia hiyo pumziko la mwezi wa kwanza litakuta sehemu moja tu inachanua. Utapoteza hiyo, nyingine zitakupa chakula. Ukipata mahindi ya muda mfupi, yale yanayokomaa kama siku 90, yaweke kwenye sehemu ya mwisho.

Tatu, changanya. Kunde zinakomaa haraka na zinavumilia jua kuliko maharage. Njugu mawe zinavumilia zaidi. Viazi vitamu vinafunika udongo, na vile vya rangi ya machungwa vinampa mtoto vitamini A. Muhogo ndio mlinzi wa nyumba: jua likizidi unaangusha majani na kungoja, mvua ikirudi unachipua tena, na mizizi inakaa ardhini kama akiba mpaka siku ya haja.

Nne, usichome majani ya shamba. Tunajua moto unarahisisha kazi, na vijana wanautaka kwa kuwinda panya. Lakini majani yaliyokatwa na kulazwa kati ya mistari yanazuia jua lisinywe maji ya udongo kabla ya mmea. Shamba lililofunikwa linaweza kuvumilia siku kadhaa zaidi ya shamba tupu, na siku hizo wakati mwingine ndizo mavuno yenyewe. Kule Burkina Faso, penye mvua chache kuliko yetu, mkulima Yacouba Sawadogo alirudisha uhai kwenye ardhi ngumu kama saruji kwa kuchimba vishimo vidogo wakati wa kipwa na kuweka samadi ndani, ili tone la kwanza la mvua likae hapo hapo. Alipewa tuzo ya kimataifa mwaka 2018, akafariki mwaka 2023. Hakuwa na trakta. Penye udongo mgumu, nasi tunaweza kujaribu vishimo vyake.

Tano, bonde. Mto unaposhuka, baada ya mwezi wa tano, kando zake zinaacha udongo wenye unyevu. Hapo ndipo lengalenga, nyanya, vitunguu na hata mahindi mabichi yanapopatikana wakati mlima wote ni mkavu. Lakini bonde linagombaniwa. Kikundi cha wamama kinapolima hapo kwa ruhusa ya mdomo tu, mwaka wa pili mwenye ardhi anaona mboga zimestawi na kulirudisha. Ardhi yote ni ya Serikali kwa sheria ya 1973, lakini kijijini chifu ndiye anayegawa. Kwa hiyo andikeni karatasi: mipaka, miaka, majina, sahihi ya chifu na mashahidi. Na mama aliyeolewa ajue kwamba Sheria ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 imeondoa ile ruhusa ya mume iliyokuwa lazima kwa mke peke yake. Siku hizi mume na mke wanapaswa kukubaliana.

Mbegu isiliwe

Njaa ikiingia, kitu cha kwanza kufa ni mbegu. Mama hawezi kuwaangalia watoto wanalia na kibuyu cha mbegu kinaning'inia juu ya jiko. Atakitelemsha. Hakuna wa kumlaumu. Lakini mvua ikirudi hatakuwa na cha kupanda, na ukame wa mwezi mmoja unageuka njaa ya mwaka mzima.

Ndiyo sababu mbegu ikae kwa kikundi. Kila mama alete kiasi kidogo baada ya mavuno, kikauke vizuri, kiwekwe kwenye bidoni iliyofungwa kabisa pamoja na majivu makavu, na kikae kwa mama ambaye wote wanamwamini, kikiandikwa kwenye daftari. Anayekopa kopo moja anarudisha kopo moja na nusu wakati wa mavuno. Ghala linakua lenyewe.

Kwa mihogo, kinachohifadhiwa ni vijiti. Chagua shina lisilo na majani yaliyokunjamana na yenye mabaka ya njano, maana huo ni ugonjwa unaosafiri ndani ya kijiti. Simamisha vijiti kivulini, miguu yake ikigusa udongo wenye unyevu. Wataalamu wa INERA wametoa mihogo inayovumilia ugonjwa huo, na mbegu zinazokaguliwa na SENASEM hufika kwenye miji mikubwa. Ulizeni kwa wakala wa kilimo wa mahali penu, lakini jaribuni kwanza kwenye kipande kidogo.

Na msaada ukifika kutoka nje, angalieni tarehe. Mbegu ya mahindi inayogawiwa mwezi wa kumi na mbili ni zawadi ya kuliwa. Kikundi chenye daftari na orodha yake kinaweza kusema mapema: tunahitaji kunde, si mahindi, na tunazihitaji kabla ya mwezi wa tisa kwisha.

Fedha ya mwezi wa kwanza

Miezi migumu ni ya kumi na mbili, wa kwanza na wa pili. Ghala la zamani limekwisha, mavuno mapya hayajafika, watoto wana malaria, shule inadai. Hapo anakuja mnunuzi na kumwambia mama: niuzie mahindi yako yakiwa bado mabichi shambani, nakupa franga sasa hivi. Anatoa sehemu ndogo ya bei ya mavuno. Mvua ikienda vizuri faida ni yake, na mama amelima shamba la mtu mwingine bila kujua.

Dawa ya jambo hili sisi wamama tunayo tayari. Wengi wetu tuko katika likelemba au katika AVEC. Mtindo wa AVEC ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, katika nchi ya ukame yenyewe, na ulianza na wanawake. Lakini vikundi vingi vinagawana fedha mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya sikukuu. Kwa wakulima tarehe hiyo si nzuri. Kikundi kinachogawana mwezi wa tisa kinampa mama fedha ya mbegu na vibarua wakati wa kupanda. Na mfuko wa jamii, ule wa dharura, ubaki kamili kwa mwezi wa kwanza, kusudi mama asiuze mahindi mabichi kwa ajili ya dawa ya mtoto. Kubadilisha tarehe hakugharimu chochote, kunahitaji mkutano mmoja tu.

Ukame unapoingia jikoni

Sasa tufike mahali ambapo mama peke yake ndiye mlinzi. Tafadhali somea sehemu hii hata jirani asiyejua kusoma.

Tulisema muhogo ndio mlinzi wa nyumba. Ni kweli, lakini una sumu ndani yake, hasa muhogo mchungu, na mwaka wa ukame sumu hiyo inaongezeka. Mwaka wa njaa pia watu wana haraka. Mihogo iliyozoea kulowekwa siku tatu au nne inatolewa baada ya siku moja, inaanikwa, inatwangwa, inaliwa. Na samaki au maharage hayapo sahanini. Mambo hayo matatu yakikutana, muhogo wenye sumu nyingi, haraka, na bukari bila kitoweo, unakuja ugonjwa wa konzo.

Konzo ni neno la Kiyaka, lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kule Kwango, katika nchi yetu hii. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Unawapata hasa watoto waliopita miaka mitatu na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwaka 1981, ukame ulipopiga jimbo la Nampula nchini Msumbiji, wagonjwa zaidi ya 1,100 walihesabiwa. Hata Tarime, Tanzania, ugonjwa huu ulitokea katika miaka ya 1980 wakati wa ukame.

Kinga yake iko mikononi mwetu. Loweka mihogo siku tatu kamili au zaidi, mpaka ilainike na kubonyea kwa kidole. Maji yakiwa baridi ongeza siku. Katika kipwa, kisima kikikauka, kikundi kichague mahali pamoja pa kulowekea ili asikose mtu.

Na kama una wasiwasi na unga ulionunua au uliotengenezwa kwa haraka, kuna njia iliyotolewa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Weka unga ndani ya beseni, usawazishe, weka alama kwa ndani mahali unga umefika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itatoka kwa hewa. Kisha songa bukari siku hiyo hiyo. Wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, wilaya ya Popokabaka, walifundishwa njia hii mwaka 2010, na katika muda waliofuatiliwa hakupatikana mgonjwa mpya. Haihitaji dawa wala franga, inahitaji mkeka na saa mbili.

Sombe nayo itwangwe na kuchemshwa vizuri, na iongezwe karanga au dagaa. Hata kidogo kinasaidia mwili kupambana na sumu.

Shamba linataka amani

Hatuwezi kumaliza bila kusema hili. Kongolo ni nyumba ya Wahemba, Waluba, Wasongye, Watwa na wengine. Tangu 2013 ugomvi kati ya Watwa na Waluba katika sehemu nyingi za jimbo letu, na baadaye vikundi vya silaha, vimetoa familia nyingi kwenye mashamba. Aliyekimbia hawezi kugawa shamba mara tatu. Hana hata moja. Anafika kijiji kingine na mikono yake tu, na mvua ikikatika yeye ndiye wa kwanza kukosa.

Ghala la mbegu la kikundi, bonde lililoandikwa karatasi, mahali pamoja pa kulowekea mihogo: vitu hivi vinakufa vikiwa vya kabila moja. Wakati wa kuandika majina kwenye daftari, mama wa Kitwa na mama aliyekimbia vita waandikwe pamoja na wengine. Mbegu yao ikipotea, watauza nguvu zao kwa bei ya chini, na bei ya kibarua itashuka kwa kila mmoja wetu.

Kwa mkutano wenu wa wiki hii

Tunaomba kila kikundi kichukue maswali haya na kuyajibu kwenye daftari, kila jibu likiwa na jina la mama atakayefuatilia.

Sisi tunagawana fedha ya AVEC au likelemba mwezi gani, na je, tarehe hiyo inamsaidia anayelima?

Mbegu ya msimu ujao iko wapi leo? Ni makopo mangapi, na nani ana ufunguo?

Je, bonde tunalolima lina karatasi?

Mihogo yetu inalala majini siku ngapi kwa kweli, si kwa maneno? Nani atawaonyesha wengine njia ya mkeka?

Nani atasikiliza habari za hali ya hewa za METTELSAT kwenye redio kuanzia mwezi wa nane, na kuzileta mkutanoni?

Mama wa Kongolo waliotupokea wametuma salamu, pamoja na ombi moja: wauzaji na wanunuzi wa Kalemie wasingoje mwezi wa kwanza ndipo wawakumbuke. Kikundi cha Kalemie kinachotaka mahindi kinaweza kuandikiana na kikundi cha Kongolo mapema, wakakubaliana bei ya haki ya mavuno, na kutuma sehemu ya fedha mwezi wa tisa. Vikundi vitakavyotaka kufanya hivyo vilete majina yao kwa komite yetu kabla ya mwisho wa mwezi.